Jalada la Watu wa Ziwani

Mama Kokushubira alifungua fundo la pindo la khanga yake, akatoa ufunguo, akaupuliza kama mtu anayepuliza kaa la moto, kisha akafungua sanduku la bati.

"Haya, mwanangu," alisema. "Huyo ndiye mume wangu. Sehemu yake iliyobaki."

Bernadeta alipiga magoti sakafuni. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Ukerewe, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza ya kikazi tangu amalize Chuo Kikuu. Ofisi ya kutunza nyaraka ya Dar es Salaam ilikuwa imempa waranti ya nauli ya reli na wiki moja tu. Akaichukue hazina ya marehemu Clavery Kaijage, mwalimu aliyekuwa mbunge, kisha waziri mdogo, kisha mzee mstaafu wa Ilemela aliyefariki mwaka juzi. Treni ya kurudi ilikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatatu.

Upande wa ndani wa mfuniko Mzee Kaijage alikuwa amebandika orodha kwa mwandiko wake wa kiualimu, herufi za duara zilizosimama wima. Majalada kumi na manne. Hotuba, safari, mikutano, shule. Mbele ya jalada la mwisho aliandika: *Majibu yangu kwa watu wa ziwani, 1963 hadi 1966. Hili lisipotee.*

Hilo ndilo lililomleta Bernadeta. "Hotuba zake tunazo," mkuu wake wa kazi alimwambia siku ya kuagana. "Magazeti yamejaa hotuba zake. Nenda kaniletee barua alizowajibu wananchi, zile rasimu alizoandika kwa mkono kabla hazijapigwa taipu. Ukizikosa, tutakuwa tumemhifadhi Kaijage wa jukwaani peke yake. Yule aliyeshuka chini atakuwa amepotea."

Aliyatoa majalada moja moja, akayapanga kwenye mkeka. Alipofika la kumi na nne alilinyanyua, na mkono wake ukajua kabla ya macho. Lilikuwa jepesi mno. Ndani kulikuwa na uzi.

"Mama, hili liko tupu."

"Ndiyo."

"Barua ziko wapi?"

"Nimewapa watu waandikie."

Bernadeta alimtazama. Mama Kokushubira alikuwa ameketi kwenye kiti cha mumewe, ametulia kabisa, mikono mapajani.

"Waandikie nini, Mama?"

"A, e, i, o, u. Kwani huko Dar hamna kisomo cha watu wazima? Mtihani ni mwezi ujao. Tuko watu arobaini, madaftari tisa. Tulianza kuandika kwa mkaa juu ya lile jiwe kubwa, mvua ya Aprili ikaja ikafuta masomo ya wiki nzima. Mzee Shimba alilia machozi, alikuwa amefika kwenye 'sha'. Sasa mimi nikae na sanduku zima la karatasi, niwatazame tu?"

"Lakini zilikuwa na maandishi ya Mzee!"

"Upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa mweupe kama meno yako. Marehemu mwenyewe alikuwa akisema, karatasi iliyo nyeupe upande mmoja bado haijastaafu. Basi nimezirudisha kazini." Alijiinamia kidogo, sauti ikashuka. "Tena sikugusa hotuba. Nilichukua zile alizowaandikia watu wa huku. Majina nilikuwa nimekwisha kuanza kuyasoma, kwa hiyo kila mtu nikampa iliyo na jina la kwao. Nilisema, zirudi nyumbani. Nimekosea?"

Bernadeta alitaka kusema ndiyo, tena kwa sauti kubwa. Lakini alikuwa mbele ya mjane, mke wa waziri, aliyeanza kusoma akiwa na miaka hamsini na tisa.

"Zilikuwa ngapi, Mama?"

"Thelathini na moja."

Darasa lilikaa saa kumi jioni nyuma ya nyumba, mahali ambapo majabali makubwa yamepandana, moja mgongoni mwa jingine, na ziwa linachungulia katikati yake. Jabali lililosimama wima ndilo lililokuwa ubao. Mwalimu alikuwa Venant, seremala aliyejitolea, mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Wanafunzi wake walikuwa wavuvi, wakulima, akina mama wenye mtoto mgongoni. Wachache walikuwa na madaftari; wengine, karibu wote, walikuwa na karatasi ndefu ya ofisini magotini, upande mweupe ukiwa juu, na upande wa Mzee Kaijage ukiwa chini, unasuguana na kitenge.

Bernadeta alisimama mbele yao na kutumia sauti aliyodhani ndiyo ya kiserikali.

"Ndugu wananchi, karatasi hizo mlizo nazo ni mali ya taifa. Nimetumwa kuzikusanya. Nitaandika jina la kila mmoja na karatasi aliyo nayo."

Mzee Shimba, fundi wa kushona nyavu, aliinua kidole kama mtoto wa shule.

"Samahani, binti. Juzi serikali imetupa kalamu. Leo inataka karatasi. Kesho mtakuja kutaka na herufi tulizokwisha kuzimeza?"

Walicheka, hata Venant. Bernadeta naye alijaribu kutabasamu, akafungua daftari lake.

"Tuanze na wewe, mzee. Jina?"

"Kambale bin Sato."

Alikuwa amekwisha kuandika "Kambale" alipokumbuka kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa kisiwani, na hao samaki wote wawili amekula tangu utotoni. Vicheko vilipasuka, mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake akaamka akaanza kulia. Lakini Bernadeta alipokata jina hilo na kuendelea na wa pili, na wa tatu, vicheko vilikauka. Watu walitaja majina yao kwa sauti ndogo, wakizikunja karatasi huku wakitazama pembeni.

Kesho yake walikuja wanafunzi saba. Hakuna aliyekuwa na karatasi.

"Uliandika majina?" Mama Kokushubira aliuliza jioni ile, akiacha kumenya ndizi. "Bernadeta! Uliandika majina yao kwenye daftari?"

"Nilitaka orodha iwe kamili, Mama."

"Mwaka jana alikuja mtu na daftari, kijana mpole kama wewe, kalamu kifuani. Aliandika majina ya watu wa ng'ambo ya kilima. Wiki iliyofuata malori yakaja, watu wakahamia kijiji kipya. Wengine wamepapenda huko, sikatai. Lakini tangu siku ile, mtu wa huku akiona jina lake linaingia kwenye daftari, anaanza kutazama paa lake." Alitikisa kisu. "Mume wangu alipotaka neno kwa mtu, alimfuata alipo, akamkuta na kazi yake, akaishika kazi hiyo kwanza. Kesho nenda mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga. Muulizie Apiyo binti Okwach. Akikubali yeye, wengine watakubali. Na hilo daftari uliache hapa."

Mwaloni, asubuhi, dagaa walikuwa wameanikwa juu ya mawe bapa mpaka ufuko wote ukawa unametameta. Apiyo alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mkono mmoja umeshika ufagio wa vijiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na lile daftari?"

"Nimeliacha."

"Basi vua viatu. Dagaa hawapendi viatu."

Waligeuza dagaa mpaka jua likafika utosini. Mara mbili Apiyo alimwonyesha jinsi ya kuwatawanya wasishikane. Mgongo wa Bernadeta ulikuwa unawaka moto. Hatimaye Apiyo alinawa mikono ziwani, akaikausha vizuri, kidole kwa kidole, akaingiza mkono kifuani na kutoa karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mimi hii sitoi," alisema. "Nakuambia mapema usije ukasema nimekula nguvu zako bure. Lakini nitakusomea."

Upande wa nyuma ulijaa penseli. *Apiyo Apiyo Apiyo*, mistari kumi na tatu, wa kwanza ukiwa umepinda kama njia ya mbuzi, wa mwisho umenyooka. Aliigeuza. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza na kuanza kusoma polepole, akisimama kila baada ya maneno mawili kuvuta pumzi.

"*Ndugu Okwach. Barua yako uliyoandikiwa na katekista nimeipata. Unasema zahanati nimeiweka mahali ambapo mama mwenye uchungu hawezi kufika bila kubebwa juu ya mawe. Jumapili nilipanda kwa miguu kutoka mwaloni. Nilikaa chini kupumzika mara nne, na mimi sina mimba. Mahali pale nilipachagua nikiwa ndani ya gari.*" Kidole kilisimama. "Hapa amekata. Aliandika, *Serikali imekosea*. Akaikata kwa mstari. Juu yake ameandika, *Nimekosea mimi. Nitaomba ijengwe nyingine chini, na wewe ndiye utakayeonyesha mahali.*"

Mawimbi madogo yalipiga mawe.

"Okwach alikuwa baba yangu," Apiyo alisema. "Barua iliyopigwa taipu ilimfikia. Alimpelekea karani mmoja amsomee. Yule karani alikuwa na haraka ya kwenda kula. Akaitupia jicho, akasema, 'Mheshimiwa anakusalimu, ombi lako linashughulikiwa.' Akamrudishia. Baba aliichomeka kwenye paa, mchwa wakaila. Zahanati ya chini ilipojengwa, hii hapa unayoiona, na kweli alikuja mtu kumuuliza pa kuijenga, baba alidhani wanauliza wazee wote. Akasema, 'Afadhali serikali imejionea yenyewe.' Alikufa hajui kwamba waziri alimjibu, hajui kwamba waziri alisema yeye Okwach ndiye mwenye haki."

"Na wewe ulijuaje?"

"Miezi mitatu niliandika nyuma tu. Mbele palikuwa michoro kwangu. Siku moja karatasi iligeuka kwa upepo, nikaona duara. Nikasema, hii ni O. Iliyofuata, K. Nilikwenda hivyo, kama mtu anayetembea gizani ameshika ukuta, mpaka nikamfikia baba."

Bernadeta alikuwa amejiandaa na maneno mengi: taifa, historia, vizazi vijavyo. Aliliona jalada tupu, akaona uso wa mkuu wake wa kazi, na bado mdomo wake ukasema kitu kingine.

"Basi ibaki kwako, mama."

Apiyo aliigeuza karatasi upande wa penseli.

"Huko kwenu Dar, mngeiweka wapi?"

"Kwenye chumba kisicho na mchwa. Anayetaka kuisoma anaomba, anapewa meza na kiti, anasoma mwenyewe."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Na haya ya nyuma? Mngeyafuta kwa raba?"

Bernadeta aliona aibu, maana jana tu alilifikiria hilo, na raba ilikuwamo mkobani mwake.

"Hapana," alisema, na aliposema hivyo ndipo alipoamua. "Tungeandika kwenye orodha: mbele, barua kwa Okwach, mwandiko wa Clavery Kaijage. Nyuma, mazoezi ya Apiyo binti Okwach, mwaka 1975. Jina lako na la baba yako, yote mawili."

"Jina kwenye orodha," Apiyo alirudia, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Ama kweli kuna orodha na orodha." Aliifunga karatasi ndani ya nailoni. "Lakini nikikupa, mimi nitabaki na nini? Kichwa changu si sanduku."

"Ungeweza kuinakili. Kila mtu angenakili ya kwake. Ni zoezi la mtihani pia."

"Kwenye karatasi gani, dada? Si ndiyo hiyo shida iliyotufikisha hapa?"

Bernadeta alivaa viatu vyake akiwa anakimbia.

Alipanda basi kwenda mjini, akaingia kiwanda cha uchapaji cha kwanza alichokiona, akasimama mbele ya fundi mnene mwenye wino mpaka viwikoni, akamweleza habari yote tangu sanduku mpaka dagaa. Hakutumia sauti ya kiserikali. Fundi alimsikiliza mashine ikiwa imesimama. Kisha alimwonyesha pipa lililojaa vipande vya karatasi nyeupe vilivyokatwa pembeni mwa magazeti, virefu kama mkono, vipana kama viganja viwili.

"Hivi huwa tunachoma," alisema. "Chukua unavyoweza kubeba. Ila na mimi mama yangu yuko darasa la kisomo kule Mabatini. Mbakizie kidogo."

Alhamisi jioni Bernadeta alikuja darasani na gunia. Hakusimama mbele. Alikaa kwenye jiwe kati ya wanafunzi, akampa Mama Kokushubira daftari lenye majina, na mama huyo, mbele ya wote, akauchana ule ukurasa, akampa Mzee Shimba.

"Shika, Kambale. Washia tumbaku yako."

Walicheka kicheko kilichofungua kifua. Venant alieleza utaratibu: kila mtu alete barua yake, ainakili kwa mkono wake neno kwa neno, akimaliza, achague mwenyewe ipi abaki nayo na ipi asafirishe. Ambaye hataki kutoa, asitoe. Apiyo hakuwapo. Watu waliligundua hilo, na Bernadeta aliona wanavyotazama kijia cha mwaloni.

Hata hivyo walianza. Karatasi zilitoka kwenye vikapu, ndani ya misahafu na vitabu vya sala, moja ilitoka ndani ya kibuyu. Jiwe zima lilikuwa na migongo iliyoinama. Mtu mmoja aliuliza kwa nguvu "unyenyekevu" maana yake nini, watatu wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja vyake. Mzee Shimba peke yake alikuwa anazungukazunguka.

"Yako iko wapi, mzee?" Venant alimuuliza.

"Yangu..." Alikuna shingo. "Yangu niliivuta."

"Uliivuta?"

"Tumbaku ilikuwapo, karatasi ya kusokotea haikuwapo. Lakini sikuivuta kipumbavu! Niliisoma kwanza. Niliisoma siku tisa. Andika, nikutajie."

Akafumba macho, akaitaja barua yote kuanzia "Ndugu Shimba" mpaka tarehe. Venant aliiandika, na mzee akatia jina lake chini kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza: *Ya kwanza niliivuta. Hii ni kweli.* Bernadeta aliipokea kwa mikono miwili kama alivyozipokea nyingine.

Kufikia Ijumaa alasiri zilikuwa ishirini na nane. Mbili hazikuonekana, wenyewe walikuwa wamehamia mbali. Watu wengi zaidi ya alivyotegemea walitoa zile za Mzee na kubaki na walizoandika wenyewe. Iliyobaki ilikuwa ya Apiyo, na jua lilikuwa limeshuka kwenye bega la jabali.

Alikuja akinuka dagaa, amevaa gauni la kanisani. Alikaa, akatandaza karatasi mbili mbele yake juu ya jiwe. Ile ya Mzee Kaijage, na nakala yake kwenye kipande cha kiwandani alichopelekewa na Venant. Alikuwa amenakili kila kitu, hata yale maneno yaliyokatwa, na mstari wa kuyakata nao ameuchora. Alizitazama kwa zamu.

"Nimekaa nayo usiku mbili," alisema mwishowe. "Hii ya waziri nikibaki nayo, mchwa wapo, moto upo, wajukuu wapo. Na mtu mwingine akitaka kujua Okwach alikuwa nani, atapitia kwangu nikiwa na haraka ya kwenda kula, nimwambie, 'anakusalimu tu.'" Aliisukuma polepole mpaka kwenye goti la Bernadeta. "Ipeleke mahali ambapo kila mtu ataisoma kwa macho yake. Mimi nitabaki na hii. Hii nimeiandika herufi kwa herufi, hakuna karani atakayeniruka neno."

Mama Kokushubira alilileta jalada la kumi na nne na uzi wake. Alilifunga mwenyewe, kisha akaomba penseli ya Venant. Chini ya mwandiko wa mumewe, kwenye orodha ya mfuniko, aliandika taratibu huku ulimi umetokeza pembeni mwa midomo: *Lilipotea. Limerudi. K.*

Dar es Salaam, mkuu wake wa kazi alizigeuza karatasi moja moja, mbele na nyuma, mpaka chai yake ikapoa.

"Nani amekuruhusu kuorodhesha pande zote mbili?"

"Karatasi ina pande mbili, mzee."

Aliifikia ya Shimba, akaisoma, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akachukua muhuri.

Mwezi Oktoba Bernadeta aliliandikia darasa la Ilemela barua ya kuwaarifu kwamba jalada limepokelewa na namba yake ni ipi, na kwamba mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu tayari ameomba kulisoma. Jibu lilikuja upesi. Alitazama muhuri wa posta, akahesabu: siku saba tu tangu alipoituma barua yake. Lilikuwa kwenye kipande kirefu cha karatasi ya kiwandani, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama mstari wa kumi na tatu.

*Ndugu Bernadeta. Barua yako tumeipata. Niliisoma mimi mbele ya wote, sikuruka neno. Mtihani tumefaulu watu thelathini na sita, Mzee Shimba atarudia, anasema tumbaku ndiyo iliyomponza. Mama Kokushubira anakusalimu, na hii ni salamu ya kweli. Sasa anasoma hotuba za marehemu katika nakala za magazeti alizo nazo, anasema nyingine zilikuwa ndefu mno. Upande wa nyuma tumeuacha mweupe. Andika huko majibu yako, uturudishie. Ni mimi, Apiyo binti Okwach.*

Bernadeta aliigeuza karatasi. Akavuta kiti, akachonga penseli.